Tezi Dume: Maswali ya Barazani Baada ya Alasiri

Nimefanya uuguzi miaka 29, mingi yake huku huku visiwani Lamu. Tangu nistaafu, wanaume huniuliza mambo ambayo hawakuthubutu kuniuliza nilipokuwa na sare. Huja barazani, wakazungumza bei ya samaki, wakazungumza siasa za kaunti, na wenzao wakishainuka kujitayarishia Magharibi ndipo mmoja hunisogelea akasema, "Kuna rafiki yangu ana tatizo la mkojo." Huyo rafiki nimemzoea. Ana miaka baina ya 50 na 75, na mara nyingi ndiye aliyeketi mbele yangu.

Haya ni maswali ya huyo rafiki. Mengine ni ya mkewe, ambaye huuliza bila kuzunguka.

Tezi dume ni nini hasa? Ndiyo huo mshipa?

Hapana, na tuanze kwa kulitenga neno hilo. Pwani tumelibebesha "mshipa" mizigo yote ya chini ya kitovu: busha ni mshipa, ngiri ni mshipa, maumivu ya kinena ni mshipa, hata mtu akipungukiwa na nguvu za kiume husema mshipa umelala. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. Ngiri ni utumbo uliopenya pasipokuwa pake. Tezi dume ni kitu kingine kabisa, hukioni wala hukishiki.

Iko chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, na kwa kijana ni kiasi cha ndimu ndogo. Mrija wa mkojo hupita katikati yake kama uzi upitavyo ndani ya ushanga. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Basi ikivimba, uzi ule hubanwa, na mkojo ndio huanza kulalamika. Ukifika kwa daktari usimwambie una mshipa, maana atakwenda kutazama pengine. Mwambie unavyokojoa.

Kila tezi iliyokua ni saratani?

La. Tezi ya mwanamume huendelea kukua kadiri anavyozeeka, na kwa wengi hukua bila saratani yoyote. Ni kama mvi. Husumbua, hukunyima usingizi, yaweza hata kuziba mkojo, lakini haisambai mwilini. Mfalme Charles wa Uingereza alilazwa Januari 2024 kwa tatizo hili la tezi kukua, akatibiwa. Saratani aliyogunduliwa nayo muda mfupi baadaye ilitangazwa kwamba si ya tezi dume.

Ila mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili, kukua kwa kawaida na saratani kando yake. Kwa hiyo kuambiwa "tezi yako imekua tu" ni habari njema ikiwa umepimwa. Ikiwa jirani ndiye aliyekuambia, bado hujaambiwa kitu.

Dalili zake ni zipi?

Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi, na ndilo ambalo jibu lake huwaudhi watu. Mwanzoni haina dalili. Saratani hii kwa kawaida huanzia pembeni mwa tezi, mbali na mrija wa mkojo, hivyo yaweza kukaa miaka bila kugusa uzi ule. Mtu anakojoa vizuri, anavua, anabeba mizigo pale gatini, na kitu kinakua. Anayesema "nitakwenda nikianza kuumwa" anangojea hodi kutoka kwa mgeni aliyekwishaingia ndani.

Zikija, dalili za mkojo ni hizi: kuamka usiku mara kwa mara, mkojo kuchelewa kutoka, kukatika katika, kuwa mwembamba, kudondoka matone baada ya kumaliza, na kuhisi kibofu hakijaisha. Nyingi ya dalili hizi husababishwa na ile tezi iliyokua kwa kawaida. Sukari nayo humwamsha mtu usiku. Damu katika mkojo au shahawa haina udogo, mtu aende hospitali. Wale walioishi kandokando ya Mto Tana na mabwawa yake wakumbuke pia kichocho, maana nacho hutoa damu, na kina dawa yake.

Dalili za kuchelewa ni maumivu ya mgongo, nyonga au mbavu yasiyoondoka, kupungua uzito na kuishiwa nguvu. Saratani hii ikisafiri hupenda mifupa.

Nitawaambia la kwangu. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua Matondoni. Chini ya kitanda chake aliweka kopo la Kimbo, ili asitoke nje usiku. Nikienda kumzuru nililala chumba cha pili, na usiku nikisikia: tii, tii, kimya, tii. Kisha kitanda kikalia, na baada ya saa moja tena. Nilikuwa mwuguzi mwenye cheti na saa ya kuhesabia mapigo ya moyo, na nikilala pale nikijiambia, ni uzee. Alipoanza kushika kiuno akakandwa kwa mafuta ya nazi ya moto, na mimi mwenyewe nikayanunua hayo mafuta. Tulipomfikisha Mombasa ilikuwa imeshaingia uti wa mgongo. Tukaishi naye miaka miwili mingine kwa matibabu, na ilikuwa miaka mizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini lile kopo nililisikia miaka minne.

Kuna hali mbili zisizongoja asubuhi. Ya kwanza ni mkojo kufunga kabisa huku kibofu kimejaa na kinauma. Ya pili ni miguu ya mtu mwenye saratani hii kuanza kulegea au kufa ganzi ghafla, hasa akiwa na maumivu ya mgongo. Hapo uti wa mgongo unabanwa, na saa chache ndizo huamua kama mtu atatembea tena. Tafuta boti usiku huo huo.

Nani yumo hatarini zaidi?

Kwanza ni umri. Chini ya miaka 40 ni nadra, na baada ya 50 hatari hupanda kila mwaka. Pili ni asili. Wanaume weusi huipata zaidi kuliko wengine, na mara nyingi mapema zaidi. Uingereza, ambako wamehesabu vizuri, mwanamume mmoja kati ya wanane hugunduliwa nayo maishani, na kwa wanaume weusi ni mmoja kati ya wanne. Kenya ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi zaidi.

Tatu ni nasaba. Ukiwa na baba au ndugu wa kuzaliwa naye aliyeipata, hatari yako huwa kama maradufu. Wachache wanajua kwamba saratani ya matiti kwa mama au dada nayo huhesabiwa, kwa kuwa kuna kasoro za kurithi ambazo ni zile zile kwa zote mbili.

Tatizo letu ni kwamba hatujui wazee wetu walikufa na nini. Uliza nyumbani. Utaambiwa babu "alikufa kwa mgongo", ami "mkojo ulimfunga", na yule wa Siyu "alikonda tu, alitupiwa jicho". Mtu akiniletea maneno hayo matatu kutoka ukoo mmoja, mimi humwambia akapime wiki hiyo hiyo.

Je, husababishwa na kupanda punda? Kuoa wake wengi? Kukaa bila mke?

Punda hana kosa, wala baiskeli, wala chombo cha kuvulia. Saratani hii haiambukizi. Mke hawezi kuipata kwa mumewe, na mume hakuipata kwa mke, awe mmoja au wanne.

Hilo la kukaa bila mke limeulizwa hata na wataalamu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2016, uliowafuata wanaume karibu 32,000, uliona kwamba waliomwaga shahawa mara nyingi zaidi kwa mwezi waligunduliwa na saratani hii kidogo kuliko wenzao. Haimaanishi kwamba hiyo ni kinga, na mzee wangu mmoja aliyetaka nimwandikie karatasi ya kumpelekea mkewe alirudi mikono mitupu.

Kupima ni lazima nitiwe kidole?

Hili ndilo huwazuia watu, hata wanaokabili mawimbi ya kusi bila kupepesa macho. Basi sikiliza: kupima huanza kwa damu. Huchukuliwa damu kidogo mkononi kama ya malaria, na maabara hutafuta protini inayoitwa PSA, ambayo hutengenezwa na tezi dume. Hakuna kuvua nguo.

Kidole huja baadaye ikiwa daktari anataka kujua zaidi. Hulala ubavu, magoti yakikunjwa kifuani, daktari huvaa glavu yenye mafuta, hugusa tezi kupitia njia ya haja kubwa kuona kama ni laini au ina uvimbe mgumu. Huchukua chini ya dakika moja. Si raha, lakini si maumivu pia, na hakumpunguzii mtu uanaume hata chembe. Ukitaka daktari mwanamume, sema tangu mwanzo. Ni haki yako, na sheria ya dini yenyewe imeruhusu sitara ifunuliwe kwa tabibu kwa kadiri ya haja.

Kabla ya kutoa damu, kaa siku mbili bila kumwaga shahawa wala kuendesha baiskeli, maana vitu hivyo huweza kupandisha kipimo kidogo. Kama una maambukizi ya njia ya mkojo, yatibiwe kwanza na upite muda wa wiki sita hivi. Na kama unatumia finasteride, dawa ya kupunguza tezi, mwambie daktari, kwani hupunguza kipimo kama nusu na mtu akadhani yuko salama.

Nianze nikiwa na umri gani?

Chama cha Saratani cha Marekani husema mazungumzo na daktari yaanze ukiwa na miaka 50. Kwa wanaume weusi wa kwao, na kwa yeyote ambaye baba au nduguye aligunduliwa kabla ya 65, huanza na 45. Kwa mwenye ndugu zaidi ya mmoja walioipata mapema, ni 40. Sisi wa hapa tusijifanye si weusi siku ya kipimo. Miaka 45 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nimesema mazungumzo makusudi. Mzee wa miaka 80 mwenye moyo dhaifu huenda kipimo kisimletee lolote ila hofu.

Nimeambiwa PSA yangu ni 6. Nimekwisha?

Hujakwisha. Miaka mingi kiwango cha nanogramu 4 kwa mililita moja ya damu kimetumika kama mstari wa tahadhari, lakini mstari huo hautenganishi wagonjwa na wazima. Tezi iliyokua, maambukizi, hata mpira wa mkojo uliowekwa juzi, vyote hupandisha. Huduma ya afya ya Uingereza huwaambia watu wake kwamba kati ya wanaume wanne wenye PSA iliyopanda, watatu hivi hawana saratani. Na kinyume chake: kati ya saba wenye kiwango cha kawaida, mmoja aweza kuwa nayo.

Kwa sababu hiyo kipimo hiki kimegombaniwa sana. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa magonjwa lilikikataa mwaka 2012 kwa wanaume wote, likiona watu wengi wanakatwa bila haja. Mwaka 2018 likalegeza, likasema kwa walio na miaka 55 hadi 69 mtu aamue mwenyewe pamoja na daktari wake. Wengine hunishutumu kwamba ninawaambia watu mambo haya kisha nawataka wapime. Ninawataka wapime kwa sababu sisi huku hatuna tatizo la kupima kupita kiasi. Tatizo letu ni kopo la Kimbo.

Ukipata 6, hatua ya kawaida ni kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Weka karatasi ya majibu, usiitupe. Namna nambari inavyopanda mwaka hadi mwaka hueleza zaidi kuliko nambari moja.

Naweza kupima Ramadhani?

Damu, ndiyo. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoyafuata, kutolewa damu hakufunguzi, ingawa mtu akidhoofika ni bora angoje. Kile kipimo cha kidole ni mambo mengine, kwani kinachoingia kwa njia ya haja kubwa hufunguza. Kiweke baada ya Idi, isipokuwa daktari amesema hakingojeki. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, asiniulize mimi mara ya tatu.

Wakichukua kinyama, si ndiyo wataitibua isambae?

Nimesikia haya mara nyingi: "Ilikuwa imelala, wakaichokoa kwa chuma, miezi sita akazikwa." Lisilosemwa ni kwamba aliyezikwa alifika hospitali mifupa imeshaingiwa. Sindano haikuiamsha. Aliyechelewa amechelewa na sindano au bila sindano.

Kuchukua kinyama ndiyo njia ya kujua kwa hakika. Kwa sindano nyembamba huchukuliwa vipande vidogo, mara nyingi 12 hivi, kutoka sehemu mbalimbali za tezi, kwa ganzi. Penye mashine ya MRI picha hutangulia, na wakati mwingine humwokoa mtu na sindano kabisa. Baadaye tarajia damu kidogo kwenye mkojo na choo kwa siku chache, na kwenye shahawa kwa wiki kadhaa, rangi ya kutu. Homa baada ya kipimo hiki isingojwe. Rudi hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ni maambukizi.

Majibu hurudi na alama iitwayo Gleason, kutoka 6 hadi 10. Yenye 6 ni ya polepole, yenye 9 au 10 ni kali. Joe Biden, rais wa zamani wa Marekani, alitangazwa Mei 2025 kuwa na ya 9, nayo imeshafika mifupani. Alikuwa na miaka 82 na madaktari wa kila aina, kwa hiyo yasemwayo kwamba ni ugonjwa wa wasio na pesa si kweli.

Nikipatikana nayo, matibabu ni yapi?

Hutegemea imefika wapi, ina ukali gani, na wewe una umri na afya gani.

Ikiwa ni ndogo, ya polepole na haijatoka nje ya tezi, huenda daktari akakuambia mtaitazama tu: PSA kila baada ya miezi kadhaa, na kinyama tena ikihitajika. Watu wetu hilo huwachukiza. Huona wamefukuzwa. Lakini Uingereza waliwafuata wanaume 1,643 wa namna hiyo kwa miaka 15, wengine wakipasuliwa, wengine wakipigwa mionzi, wengine wakitazamwa, na matokeo yalipotolewa mwaka 2023, katika makundi yote matatu karibu 97 kwa kila 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo. Kutazamwa kwa kufuatiliwa ni matibabu. Kutazamwa bila kurudi kliniki ndiko kufukuzwa, na mtu hujifukuza mwenyewe.

Inayohitaji kuondolewa huondolewa kwa upasuaji wa kutoa tezi nzima, au kwa mionzi ya wiki kadhaa. Nelson Mandela aligunduliwa mwaka 2001, akiwa na miaka 83, akapigwa mionzi, akaishi hadi 2013. Askofu Desmond Tutu aligunduliwa mwaka 1997 na akafariki Desemba 2021, miaka 24 baadaye.

Iliyosambaa hutibiwa kwa homoni. Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, jambo lililoonyeshwa na daktari Charles Huggins kule Chicago mwaka 1941, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Ukiikata homoni, saratani hunywea, mara nyingi kwa miaka. Njia ni mbili: sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, au upasuaji mdogo wa kutoa korodani mara moja tu. Baba alichagua upasuaji. Alisema mwaka mzima wa kuvuka bahari hadi Mokowe, bara, kufuata sindano utamuua kabla ya ugonjwa. Sitamwambia mtu achague alivyochagua yeye, ila nasema usikasirike daktari akilitaja, kwani hakukutusi. Kuna pia tibakemikali, yaani dawa kali za kuua saratani, na vidonge vipya vya homoni, na daktari bingwa ndiye wa kuvipanga.

Nguvu za kiume zitapotea? Na mkojo ukivuja, nitaswali vipi?

Sitawadanganya. Upasuaji na mionzi vyote vyaweza kudhoofisha nguvu za kiume, kwa sababu mishipa ya fahamu ya kazi hiyo imeshikana na tezi. Kwa wengine hurudi taratibu, hadi mwaka mmoja au miwili, na kuna dawa za kusaidia. Dawa za kukata homoni huondoa hata hamu yenyewe, na humpa mwanamume fukuto kama la mwanamke aliyekoma hedhi. Baba alikuwa akijipepea kwa kipepeo cha mkaa usiku wa kaskazi kuu, mama akicheka: "Sasa umejua." Muulize daktari mambo haya kabla ya kutia saini, na mkeo awepo.

Mkojo kuvuja ni kawaida miezi ya kwanza baada ya upasuaji, na kwa wengi hupungua. Kuna mazoezi ya kubana misuli ya chini, ile unayoibana ukitaka kukata mkojo katikati. Pampasi za watu wazima zinauzwa madukani, na ukiona haya, mtume mtoto wa dada yako aliyeko Mombasa.

Ama swala, fiqhi imelijua jambo hili tangu zamani. Mwenye kutokwa na mkojo bila kujizuia ana udhuru. Hujisafisha, hujifunga kitambaa au pampasi safi, hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, na huswali. Hufanya hivyo kwa kila faradhi. Najua mzee aliyeacha msikiti miezi minane kwa kudhani hana twahara, na hakuna aliyemwambia.

Habasoda, mwarobaini na mizizi je?

Habasoda ni chakula chema. Haitibu saratani hii. Mwarobaini, mbegu za maboga na nyanya nazo vivyo hivyo.

Ule unga wa gome unaoletwa kutoka bara, wa mti ambao Wakikuyu huuita muiri, una historia ya kweli: gome lake limenunuliwa miaka mingi na viwanda vya dawa vya Ulaya kwa ajili ya tezi iliyokua kwa kawaida, na miti ikachunwa hadi biashara yake ikawekewa vizuizi vya kimataifa mwaka 1995. Huwapunguzia baadhi ya watu kuamka usiku. Hapo ndipo hatari ilipo. Mkojo ukinyooka, mtu husema amepona, na ile ya pembeni mwa tezi inaendelea na safari yake. Pima kwanza. Ukishajua huna saratani, hayo mengine mwambie daktari unayatumia.

Nianzie wapi, na nitalipa nini?

Anzia hospitali ya King Fahd hapa mjini, au Faza, Witu au Mpeketoni ukiwa upande huo. Ukiambiwa kipimo hakipo siku hiyo, uliza kitakuwepo lini au damu itapelekwa wapi, usitoke na neno "hakuna". Kinyama, mionzi na daktari bingwa wa njia ya mkojo vyaweza kukupeleka Mombasa au Nairobi kwa barua ya rufaa.

Jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, sasa hivi, ukiwa mzima. Ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na unaweza kuanza kwa simu kwa *147#. Ukifika hospitali, uliza dawati la SHA nini kinalipwa na nini utatoa mfukoni, kabla ya huduma. Nauli hakuna bima inayoilipa: boti hadi Mokowe, basi hadi Garsen, Malindi, Mombasa, na pa kulala. Familia nyingi hushindwa hapo, wala si kwenye dawa. Jamaa wakichanga, wachangie na safari ya pili, maana safari ya kwanza ni ya kuambiwa urudi. Na beba karatasi zote katika mfuko mmoja wa plastiki usioingia maji. Nimeona majibu yaliyosafiri salama kutoka Nairobi yakilowa pale pale gatini.

Mume wangu hataki kusikia. Nifanye nini?

Dada yangu, wewe ndiye unayejua ameamka mara ngapi. Yeye mwenyewe hajui, kwa kuwa anahesabu usiku mmoja mmoja. Usimwambie "una saratani", na usimwambie mbele ya watoto. Andika siku saba: kaamka mara ngapi, kakaa chooni muda gani. Karatasi hiyo mpe asome, au nipe mimi.

Mama mmoja wa Langoni alifanya hivyo. Mumewe ni nahodha, mtu wa maneno machache. Mkewe alimwambia waende pamoja kupimwa presha, kwamba yeye mke ndiye mgonjwa. Walipokuwa wameketi benchi akamtolea kile kikaratasi, kilichoandikwa nyuma ya risiti ya duka: Jumamosi 5, Jumapili 6, Jumatatu 5. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na Jumanne?" Mkewe akamwambia Jumanne alilala yeye, hakuhesabu. Nahodha akaingia chumba cha kwanza yeye, mkewe akabaki nje akishikilia kofia.